Titi la Kushoto

Mwanaima hakuwa na simu. Hakuwa na komeo kwa ndani ya mlango, wala dirisha la kutazama njia. Lililokuwepo lilikuwa limezibwa na magunia ya ufuta yaliyongoja mnada. Hakuwa na mama yake karibu, kwa kuwa mama alikuwa Naipingo, upande wa Nachingwea, na yeye Mwanaima ameolewa huku Mbekenyera, wilaya ya Ruangwa. Mume hakuwepo. Ruhusa ya kuvuka kizingiti hakuwa nayo hadi siku arobaini za uzazi zitimie, na hiyo ilikuwa ya kumi na sita. Maziwa alikuwa nayo, tena mengi, ila ya titi la kushoto yalikwama ndani.

Uvimbe ulianza juzi kama punje ya haragwe chini ya ngozi. Jana ulikuwa kama yai. Leo upande mzima wa nje wa titi ulikuwa mgumu, unang'aa, wa moto. Akilalia ubavu huu linauma, akigeuka linauma. Mtoto akilia tu, maumivu yanapanda hadi kwapani.

Mama mkwe wake, Bi Mwamina, alikuwa ameshakata shauri. Siku ya kumi mwanawe Huzaifa, mume wa Mwanaima, alikuja kutoka Nachingwea mjini, anakochomelea mageti, akalala usiku mmoja chumbani humo humo, kwa sababu nyumba haina chumba kingine chenye nafasi. Alfajiri mama yake akamwona akitoka. Siku ya kumi na nne titi likavimba. Kwake jambo lilikuwa wazi: wazazi hawakungoja, maziwa yameharibika, na mtoto akiendelea kuyanyonya atakuwa amebemendwa, atadhoofika mpaka afe. Hakuyasema kwa ubaya. Mtoto wake mwenyewe wa kwanza alinyonya titi lililovimba, akafa wa miezi miwili, na tangu siku ile hakuna aliyempa sababu nyingine.

Basi alikunja kanga, akalifunga titi kwa nguvu ili likauke. Kisha akampigia simu mama wa Naipingo, akaweka spika kubwa, akakaa pale pale.

"Mama, titi linauma," alisema Mwanaima.

"Vumilia, mwanangu. Msikilize mama yako wa huko."

Angesema nini kingine, na mwenye simu anasikia?

Asubuhi hiyo alipita Limi, mwanamke wa Kisukuma ambaye yeye na mumewe walihamia na ng'ombe miaka mitatu iliyopita. Huuza maziwa nyumba kwa nyumba. Mwanaima alimsikia uani akifungua ndoo.

"Leo nipe lita nzima," alisema Bi Mwamina.

"Mna wageni, mama?"

"Ya mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Mjukuu wangu. Nyumba hii ina mtoto mwingine?"

Kifuniko cha ndoo kikarudi mahali pake. "Ya chai nitakupa. Ya mtoto wa siku kumi na sita siuzi."

"Makubwa! Ng'ombe wenu wale mahindi yetu, halafu maziwa yao mtuchagulie wa kunywa?"

"Walikula mahindi ya jirani yenu Andrea, na tulishayamaliza kwa mwenyekiti wa kijiji. Mama yake anaumwa nini?"

"Titi limevimba. Nimelifunga likauke."

"Umelifunga!" Limi alishusha ndoo chini. "Mama, kwetu kiwele kikiwa kigumu, ndama hatumwondoi. Tunamtanguliza upande ule ule."

"Kwa hiyo mkwe wangu ni ng'ombe?"

"Ng'ombe ana nafuu. Ukimfunga vibaya anakupiga teke."

Mwanaima alicheka, na kucheka kukamuuma. Akapaza sauti kutoka ndani: "Mama, naomba aingie."

Bi Mwamina alisita. Lakini mtoto alikuwa ameanza kulia, na mwuza maziwa mwingine hayupo hadi kijiji cha Narung'ombe. Akampisha mlangoni.

Limi alinawa mikono kwa sabuni, akaifungua kanga. Mikunjo ilikuwa imeacha mistari mirefu kwenye ngozi. Aliweka kitambaa cha maji ya vuguvugu kwa muda mfupi. Hakuminya. Akamlaza mtoto ili kidevu chake kielekee upande ule mgumu.

"Vuta pumzi. Itauma mwanzoni."

Iliuma kama sindano inayopita polepole. Mwanaima aliuma pindo la kanga yake, machozi yakamtoka. Mtoto alivuta, akaachia, akavuta tena, halafu akaanza kumeza. Titi likalegea kidogo, halafu zaidi. Lakini sehemu moja ilibaki ya moto, na Mwanaima alikuwa akitetemeka ingawa jua lilikuwa limeshapanda.

Limi akamgusa paji la uso, akakunja uso. "Ya kunyonya naijua. Homa siiwezi. Ng'ombe wangu akipata homa namwita bwana mifugo. Wewe nenda zahanati, leo."

"Hatoki," alisema Bi Mwamina.

"Mama, hili litakuwa jipu. Watalipasua."

"Siku ya kumi na sita apite njiani? Watu watauliza. Nitawajibu nini? Kwamba mwanangu alishindwa kungoja?" Akakaa kwenye kizingiti, miguu ikaziba njia.

Mwanaima alitazama miguu ile. Kupita juu yake angeweza. Kurudi ndani baadaye, na mtoto mgongoni, hilo hakuwa na hakika nalo. Akamwomba Limi ampatie daftari na kalamu vilivyokuwa juu ya magunia, akaandika akiwa amemlaza mtoto kwenye mkono wa kulia:

"Nesi Valentina, ni mimi Mwanaima uliyenizalisha. Titi la kushoto limevimba siku ya tatu, nina homa na baridi. Mtoto ananyonya. Siruhusiwi kutoka. Naomba uje, au uniite kwa maandishi, maana ukiniita wewe nitaachiwa. Usichelewe."

"Umeandika nini?" aliuliza Bi Mwamina, ambaye shule hakuiona.

Mwanaima alimsomea, neno kwa neno. Kisha akasema, "Naongeza jambo moja. Huzaifa alilala kwenye mkeka, mama, na mimi kitandani na mtoto. Hakunigusa. Muulize mwenyewe, hata kwa spika."

Bi Mwamina alimtazama mjukuu wake aliyekuwa akimeza, shavu likipanda na kushuka. Alitazama ile kanga sakafuni.

"Andika pia kwamba nililifunga tangu jana mchana," alisema. "Nesi atataka kujua. Andika ni mimi."

Mwanaima akaandika. Bahasha ilikuwa ya kadi ya mchango wa harusi, yenye maua pembeni, na gundi yake ilikwisha zamani. Alichovya kidole kwenye kikombe cha uji, akapaka ukingoni, akabana. Limi aliiweka kifuani, akabeba ndoo, na Bi Mwamina akakunja miguu ili apite.