Maneno ya Bluu

Sauti ya marehemu mke wangu imefutika. Binti yangu ndiye aliyeiweka mahali pabaya, na mimi ndiye niliyefuta nakala ya akiba. Sina wa kumsingizia.

Kazi yangu ni kujalidi vitabu. Shule niliachia darasa la sita, lakini tasnifu za wenye digrii zimepita mikononi mwangu miaka ishirini na saba. Nashona, nagundisha, nakata kingo, napiga herufi za dhahabu mgongoni. Nyingi sijazielewa. Zote zimenyooka.

Mke wangu alilazwa miezi minne. Kuandika kulimchosha, akawa ananitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Si maneno ya mapenzi. "Umenunua sabuni? Usilete ile ya juzi, inachubua. Na shati la kijani lifue peke yake, nakujua wewe." Simu yake ilipotea hospitalini siku aliyofariki. Kwenye yangu zilibaki jumbe arobaini na moja. Kila Jumapili mama mkwe, ambaye macho yake hayaoni tena, aliletwa kwangu, akakaa kiti cha dirishani na kusema, "Haya mwanangu, nifungulie nimsikie." Alicheka palepale pa sabuni, kila wiki, kama hajawahi kupasikia.

Binti yangu yuko chuo kikuu. Muhula ule alichukua kozi ya historia na mustakabali wa maandishi yenye viungo: jinsi watu walivyoota, tangu kompyuta hazijaingia majumbani, kwamba utagusa neno kwenye ukurasa mmoja likupeleke ukurasa mwingine. Wanafunzi walimwita mhadhiri Mustakabali, maana hakumaliza sentensi bila kulitaja neno hilo.

"Anachosema ni hiki, baba," binti aliniambia, amekaa juu ya meza yangu ya kukatia, mahali nilipomkataza mara mia. "Kitu kinakaa mahali pamoja tu. Hukinakili. Anayekitaka anaelekezwa palepale. Nakala nyingi ndiyo fujo yenyewe."

"Na hapo pamoja pakiungua?"

"Baba nawe. Ni mashine ya chuo, si kibanda cha mbao."

Kazi yake ya mwisho ilikuwa mama yake. Alizipandisha zile jumbe kwenye mashine ya kozi, kompyuta ya chuo inayotunza kazi zao, akaandika ukurasa kwa kila moja, na ndani yake maneno ya bluu. Ukigusa "sabuni" unamsikia mama. Ukigusa "shati" unaletewa picha ya shati.

Simu yangu ilikuwa imejaa. Katika kazi yetu, kitabu kikishashonwa, kurasa za kujaribia zinaingia pipani siku hiyohiyo, la sivyo utakuja kumshonea mtu ukurasa mbovu. Kitabu kilikuwa kimeshonwa. Nikazifuta jumbe simuni.

Chuo kilidai pia nakala ya karatasi, jalada gumu, ya kuweka maktaba. Kozi nzima wanaizika karatasi, kisha wanaidai. Nikachapa mbili, moja yetu, nikazijalidi kwa kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Binti alipata alama ya juu darasani.

Wiki saba tulimsikilizia mama kwenye ile mashine ya kozi. Jumapili ya nane binti aligusa "sabuni", simu ikajibu kwamba ukurasa haupo. Akagusa tena. Mama mkwe akauliza, "Mbona kimya?"

Jumatatu nilimfuata Mustakabali ofisini. Alikuwa anapanga vitabu kwenye boksi.

"Kozi imeondolewa, mzee wangu. Walijiandikisha tisa, chuo kinataka ishirini."

"Nauliza mashine."

"Imesafishwa, imepewa idara nyingine. Lakini nilitangaza wanafunzi wachukue kazi zao."

"Ulitangaza wapi?"

Akashika boksi. "Kwenye ukurasa wa kozi."

"Nani anaufungua kozi ikishaisha?"

"Hata mimi nimepoteza kazi za miaka sita mle."

"Za kwako zilikuwa zinaongea?"

Akatia kitabu kingine kwenye boksi. Akasema, "Si mna nakala nyumbani?"

"Ulifundisha tusiwe nayo. Tukakusikia."

Jumapili iliyofuata binti alichukua kitabu, akaanza kumsomea bibi yake maneno ya mama yake. Alijitahidi, hata akaigiza ukali wake. Alipofika kwenye sabuni, bibi alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akaufikia ukurasa, akauziba kwa kiganja.

"Hiyo sauti ni yako, mjukuu wangu. Nirudisheni nyumbani."

Kitabu kipo. Kina kurasa tisini na sita na maneno ya bluu mia tatu na kumi na mawili. Nimeyahesabu kwa kidole. Zilizopotea ni jumbe arobaini na moja, dakika hamsini na mbili kwa jumla. Binti ameacha kuja karakana. Kiti cha dirishani hakijakaliwa Jumapili tisa.