Mkono Mkavu wa Nereida

Umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida ya mji wa Barahona, na Nereida alikuwa akikaanga ndizi kwa mwanga wa mshumaa wakati mumewe Eligio, fundi umeme aliyekufa Januari, alipoingia tena kwa mlango wa nyuma, mkanda wa praisi kiunoni. Akasema habari za hapa, akajibiwa nzuri. Akachukua balbu juu ya meza, akaishika kitako, ikawaka.

Jirani yao Fefa hakukawia. "Shemeji, nichajie simu, imebakiza roho moja. Na usiniunguzie kama juzi!"

"Lete, mama wee, uache maneno."

Umeme uliomuua juu ya nguzo haukumtoka. Alimfundisha mkewe kama alivyofundisha vibarua: volteji ni msukumo tu, upo hata pasipo njia, kinachopita ndio mkondo, na huo ndio unaoua. Mkono mkavu una ukinzani, unaubania. Uliolowa unaufungulia mlango. Kwa hiyo Nereida hakuvua kandambili ndani ya nyumba, na kabla ya kumkumbatia mumewe alijifuta machozi kwa aproni mpaka kidevuni. Kumkumbatia marehemu wako bila kulia, jamani, ni kazi. Aliiweza, ila ilimtesa.

Alitaka kitu kimoja tu: mhandisi Pichardo aseme mbele za watu kwamba yeye ndiye aliyewasha laini Eligio akiwa juu. Kampuni ya umeme ilishikilia kwamba fundi alipanda bila kuomba ikatwe.

Jioni hiyo Pichardo akaja kutoa pole, akiwa amechelewa sana. Akamkuta marehemu mezani, akamsalimia.

"Niliomba ukate, ukakata," Eligio akamwambia. "Kisha ukawasha."

"Besiboli ilikuwa inaanza, Eligio. Kila simu ninayopokea, matusi, watu wanataka umeme waangalie mechi. Ningefanyaje?"

"Basi kaseme hivyo hivyo," Nereida akadakia.

"Dada yangu, makao makuu wameshalifunga hilo."

Akanyoosha mkono kuaga. Eligio akaupokea, akaukaza. Fefa akajishika kifua, akingoja. Hakuna kilichotokea. Eligio akainama kutazama miguu ya mgeni: buti za kampuni, soli ya mpira nene kama mkate. Yeye alikuwa amepanda nguzo na raba zake za nyumbani, soli zimetoboka.

"Hapa sipiti, mke wangu," akasema, akauachia mkono.

Pichardo akaenda zake. Mara umeme ukarudi, mtaa mzima ukalipuka, "Umerudi! Umerudi!" na masufuria yakagongwa. Siku ile ya Januari pia walishangilia hivyo, na aliyewatangulia alikuwa Nereida, akirukaruka mlangoni na mwiko mkononi, mumewe akiwa juu ya nguzo.

Safari hii machozi yalimshinda. Yakamlowesha viganja, yakashuka mpaka viwikoni. Eligio akasogeza kiti chake upande wa pili wa meza, akakaa akimsubiri akauke.