Makofi Mawili Mlangoni

Dereva wa gari la zimamoto kuitwa Konokono ni sawa na mpishi kuitwa Njaa, lakini ndivyo alivyoitwa, na mwenyewe alikuwa ameshazoea. Jina alilipata kwa sababu hakuwahi kukata kona kwa kasi, hata mji uwe unateketea. Alikuwa akisema kwamba gari lililopinduka halijazima moto wowote tangu dunia iumbwe, na kwa hilo hakuna aliyeweza kumbishia. Rafiki yake, mtu wa pampu, aliitwa Kiu, maana hakuweza kuona tangi lina nafasi ya ndoo moja akaliacha hivyo hivyo. Wakirudi kituoni kutoka kwenye moto, wenzao wakitafuta pa kuegemeza mgongo, Kiu alikuwa ameshavuta mpira kwenye bomba la uani anajaza. Walimcheka sana. Yeye alijibu kuwa mtu akichoka anasubiriwa, ila moto haumsubiri mtu.

Gari lenyewe lilikuwa moja tu kwa mji mzima, na lilikuwa zee. Mshale wa kuonyesha maji pale mbele ya dereva ulikuwa umekufa zamani, kabla hata mkuu wa kituo hajaajiriwa. Kilichobaki ni kioo chembamba nyuma, kando ya pampu, ambacho mtu alikitazama akaona maji yamefika wapi. Aliyekaa kwenye usukani hakuweza kukiona. Basi wawili hao wakajiwekea utaratibu wao. Kiu alitazama kioo, akaja mbele, akaupiga mlango wa dereva kwa kiganja, pa, pa. Makofi mawili, maana yake maji yapo, twende. Konokono hakuuliza wala hakugeuka. Mguu wake uliyasikia makofi hayo kabla ya masikio. Miaka nenda miaka rudi hawakuwahi kufika motoni na tangi tupu, na ubaya wa utaratibu mzuri ndio huo, kwamba ukishauzoea huufikirii tena.

Kifua ndicho kilichommaliza Kiu. Moshi wa nyumba za watu ulikuwa umemjaa humo, akawa anakohoa hata akicheka, mwisho akaacha kucheka ili asikohoe. Alilala hospitali muda mrefu, na pampu akapewa dada mmoja mpya, mchapakazi, asiyependa maneno mengi. Yeye alitazama kioo, kisha akaja dirishani kusema, “Maji yapo, kaka.” Konokono aliitikia na kuondoa gari, lakini kila mara alihisi kitu kimepungua. Kumwambia mtu mwingine apige makofi hakuweza. Aliona ni kama kumpa mgeni viatu vya mtu ambaye bado anapumua.

Siku Kiu alipokufa, Konokono alikaa ndani ya gari lililozimwa akalia mpaka akapata kwikwi. Walikuwa chanda na pete. Hapakuwa na mtu kituoni aliyethubutu kumwambia anyamaze.

Sasa zimamoto wa mji ule walikuwa na desturi yao. Mwenzao akifa, hapakiwi kwenye gari lingine lolote, anapanda gari lake. Jeneza linawekwa juu, pale mipira inapokunjwa, na mipira inahamishiwa kwenye masanduku ya ubavuni. Gari linakwenda mwendo wa miguu, taa zikizunguka na king'ora kikiwa kimya, na waombolezaji wanafuata nyuma. Na kabla ya yote hayo tangi linamwagwa. Njia ya makaburini ni mlima, maji yakianza kucheza ndani gari zee linayumba kama mlevi, na kwenye mazishi yaliyotangulia jeneza liliteleza nusura liwaangukie ndugu wa marehemu. Tangu hapo ikawa sheria. Wanamwaga, wanazika, wanarudi kupitia bomba la barabarani pale kona ya soko, wanajaza. Kituo cha mji jirani kiliahidi kukaa tayari kwa muda huo.

Dada wa pampu alimuuliza Konokono kama wamwage yote.

“Yote,” alisema. “Leo asiyumbishwe.”

Dada akafungua. Maji yalitiririka uani, yakapita chini ya lango, yakaingia mtaroni. Konokono alisimama akayatazama, akawaza kwamba Kiu angeona kitendo hicho angeugua upya. Aliwaza hivyo kwa akili zake timamu, akiyaona kwa macho yake mwenyewe. Jambo hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye kuliko yote.

Msafara ukaondoka baada ya mchana. Mkuu wa kituo alitangulia kwa miguu, kofia kwapani. Mke wa Kiu alikataa kukaa kwenye gari la wazee, akatembea ubavuni mwa gari la zimamoto, upande wa dereva, mkono ameuweka mlangoni kama mtu anayemshika mwenzake asije akapotea. Konokono alimwona kwa jicho la pembeni, akajitahidi kutazama barabara. Alikwenda polepole kuliko konokono wa kweli. Maduka yalikuwa yamefungwa nusu mlango, na wenye maduka wamesimama nje, kwa sababu hapakuwa na mtaa ambao Kiu hakuwahi kuuzimia moto.

Walikuwa wamefika nusu ya mlima simu ya mkuu ilipoita. Aliisikiliza mgongo ukiwa umewaelekea, kisha akarudi mpaka dirishani kwa dereva, uso umemshuka. Karakana ya fundi cherehani inaungua. Fundi mwenyewe, yule mzee asiyeweza kutembea bila magongo, ambaye ndiye aliyewashonea wote vitambaa vyeusi vya mikononi, yumo ndani. Gari la mji jirani limeshaitwa ila litachelewa. Mkuu aliyasema yote hayo. Lililobaki hakuweza kulisema, akawa anatazama jeneza.

Mke wa Kiu alikuwa amesikia kila neno.

“Mshusheni,” alisema.

Kaka wa marehemu alikuja juu. Alisema maiti haiachwi barabarani kama mzigo, kwamba watu watawacheka mpaka wajukuu. Mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

“Shemeji, angekuwa hai angekuwa ameshapanda gari,” alimwambia. “Mshusheni mume wangu. Tutambeba wenyewe.”

Wakamshusha. Mikono ilikuwa mingi, na jeneza likapita mabegani mwa watu mpaka ukingoni mwa barabara, likawekwa juu ya nyasi. Konokono hakushuka. Alikuwa ameshika usukani kwa nguvu, machozi yanamtiririka, anasikia tu vishindo nyuma yake, zimamoto wakirukia mahali pao. Aligeuza gari. Alikuwa anangoja. Hata hakujua anangoja nini.

Ndipo mlango ukapigwa. Pa, pa.

Ulikuwa mkono wa mke wa Kiu. Alikuwa ameona mumewe akifanya hivyo siku zote alizompelekea chakula kituoni, akayapiga kwa niaba yake, kumuaga mwenzake wa kazi kwa namna ambayo mwenyewe angemuaga. Na mguu wa Konokono ukashuka. Hakufikiri tangi, hakufikiri mtaro, hakufikiri kitu. Mwili wake wote ulijua kwamba maji yapo, maana Kiu amesema.

Siku hiyo aliendesha kama ambavyo hajawahi kuendesha maishani. King'ora kililia mji mzima. Kwenye kona ya soko bomba la barabarani lilikuwa palepale, limepakwa rangi nyekundu, likampita dirishani. Dada wa pampu, aliyekuwa nyuma akijiandaa kuruka kuunganisha mpira, aliona kona inapita, akagonga paa la gari kwa ngumi. Aligonga tena na tena. Konokono alisikia, akadhani anamhimiza, akakanyaga zaidi.

Karakana ilikuwa chumba kimoja cha bati, na moshi ulitoka dirishani mweusi tii. Majirani walikuwa wakirusha maji kwa ndoo na mabeseni. Binti wa fundi alishikiliwa na wanawake wawili asijitupe ndani, na alipoliona gari jekundu akakaa chini, akasema asante Mungu. Wengi walimsikia. Zimamoto wawili wakavuta mpira mpaka mlangoni, wakapiga magoti, wakainua mkono kuomba maji. Pampu ikanguruma.

Mpira ulibaki umelala chini bapa.

Konokono aliruka akakimbia nyuma. “Fungulia,” alisema. Dada wa pampu alimtazama. Akamwonyesha kioo kwa kidole.

“Kaka, hatukujaza.”

Waliokuwepo wanasema dereva alisimama kama aliyepigwa na radi. Kisha alirudi kwenye usukani, akaligeuza lile gari hapo hapo katikati ya watu. Watu waliona zimamoto wanaondoka na nyumba bado inawaka, mawe yakaanza kurushwa, moja likapasua taa. Wale wawili wa mlangoni hawakuondoka. Walijaribu kuingia na vifaa vyao mgongoni, joto likawarudisha, wakajaribu tena. Gari liliporudi limejaa, maji yalitoka kwa nguvu, mazuri, mengi, na yakazima moto haraka sana. Paa lilikuwa limeshaanguka. Fundi walimkuta nyuma ya mlango, magongo yake yote mawili mkononi.

Binti yake hakupiga kelele. Alimwendea Konokono, akatazama sare yake, akatazama gari.

“Mlikuja na nini?” alimuuliza.

Alikuwa anataka kujua kweli.

Kiu alizikwa jioni hiyo na watu waliombeba kwa mabega. Konokono hakuwepo. Kesho yake mkuu aliwaita ofisini, akauliza nani alitoa ruhusa gari liondoke bila maji. Alikuwa mtu wa haki, na alitaka kila mtu abebe chake. Konokono alisema hakuna aliyetoa ruhusa, alisahau. Dada wa pampu akainua kichwa. Mkuu alimuuliza kama ana la kuongeza, akasema hana. Lakini walipotoka uani alimfuata.

“Kaka, mimi nilikuwa nimeshapanda. Niliona ni mkono wa nani uliopiga mlango.”

“Hukuona kitu, dada.”

“Unajibebesha peke yako.”

“Tangi nilisema mimi limwagwe. Yeye alikuwa anamzika mumewe.”

Akaondolewa kwenye usukani, akapewa kazi ya stoo, kukausha mipira na kuikunja. Hakulalamika. Alikwenda kwa binti wa fundi, akamkuta amechuchumaa majivuni akiokota vifungo vilivyopona, anavitia kwenye kopo. Akamwambia waziwazi kwamba alikuja bila maji, kwamba kosa ni lake na si la mwingine. Binti aliendelea kuokota. Konokono naye akachuchumaa, akaanza kuokota, na binti hakumfukuza wala hakumsemesha. Maji yakimwagika hayazoleki, na wote wawili walilijua hilo. Walipomaliza binti alichukua kopo lake akaenda zake.

Kwa mke wa Kiu alichelewa kwenda. Kila siku alisema kesho. Mwisho aliona aibu imezidi, akaenda alasiri moja, akakaribishwa kiti kile kile alichokuwa akikalia zamani, na kile cha Kiu kikiwa kitupu mkabala naye. Shemeji yake alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yametulia. Alimpa pole kwa yaliyompata, akasema amesikia watu wanavyomsema, na yeye amewajibu kwamba ajali haina kinga. Konokono aliinamisha kichwa. Waliongea habari za watoto, za makaburi kuota nyasi, za kikohozi ambacho bado anakisikia usiku akidhani mumewe yumo chumbani. Halafu mwanamke akamuuliza.

“Shemeji, siku ile nilipiga mlango. Ulisikia?”

“Nilisikia.”

“Nilimuuliza mara nyingi maana yake ni nini. Alikuwa ananitania, ananiambia hayo ni mambo ya mimi na Konokono. Sasa amekwenda nayo.” Akajifuta kwa ncha ya khanga. “Ndicho kitu pekee nilichomfanyia siku ile nikajisikia nafuu. Nataka tu kujua nilisema nini.”

Konokono hakuwa mtu wa uongo. Alitazama kile kiti kitupu. Akamwona Kiu amekaa pale, anamngoja.

“Maana yake ni nenda, niko nyuma yako,” alisema.

Mwanamke alifumba macho. Alitabasamu, na ilikuwa mara yake ya kwanza tangu msiba.

“Basi nilisema sawasawa.”

“Ulisema sawasawa, shemeji.”

Akaaga. Shemeji yake alimsindikiza mpaka langoni, akamwambia asipotee, nyumba bado ni yake. Konokono akatoka, akapiga hatua chache barabarani, na nyuma yake akasikia bati la lango likipigwa kwa kiganja, pa, pa, kwa upendo mtupu.

Alisimama. Alijua shemeji yake yuko pale langoni anamtazama, anasubiri amwone akienda. Akaiambia miguu iende, na miguu haikwenda.