Mafiga Tuliyoyaacha Lugari

Mume wangu Joash alikuwa na mwavuli mmoja ambao hakuwahi kuutengeneza. Kitambaa kilikuwa kimekwisha zamani, zikabaki mbavu za waya na mkono wa mti uliopinda. Huo ndio uliokuwa ukituonyesha njia. Tukifika njia panda aliusimamisha katikati ya barabara, akauzuia kwa kidole kimoja, kisha akauachilia. Upande ulioangukia mkono, huko ndiko tulikokwenda.

"Huo mwavuli wako hauna macho," nilimwambia mara nyingi.

"Na wewe uliye na macho, umefika wapi?"

"Nimefika hapa, na wewe."

"Basi twende."

Tangu mwaka wa tisini na moja hadi mwanzo wa tisini na nane tuliishi hivyo. Joash alikuwa fundi wa miavuli. Aliziba pia sufuria zilizotoboka, lakini miavuli ndiyo aliyoipenda. Ubavu ukivunjika, alikata spoku kuukuu ya baiskeli, akaikunja kwa koleo na kuifunga mahali pake, na mwenye mwavuli asingejua tofauti. Mimi nilishona vitambaa. Huku kwetu Kakamega mvua huja karibu kila alasiri bila kualikwa, kwa hiyo kazi haikutupungukia, popote tulipokwenda.

Mali yetu yote ilikaa juu ya baiskeli moja nyeusi: sanduku la vifaa, sufuria mbili, blanketi, jerikeni na turubai la kijani. Turubai likitoboka nililitia kiraka kwa mabaki ya vitambaa vya miavuli, cheusi, chekundu, kimoja chenye maua. Mchana jua likilipiga, mtu akiwa amelala chini yake, viraka vile viliwaka kama madirisha ya kanisa. Kwenye miinuko tuliisukuma baiskeli, mmoja huku na mwingine kule. Kwenye miteremko nilikaa juu ya blanketi nyuma, nikafumba macho, nikasikia upepo tu na Joash akipiga mluzi.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Kila mahali tulipolala tulipanga mawe matatu ya kupikia. Asubuhi, baada ya chai, aliyaokota mafiga yale yakiwa bado na joto, akayatupa moja moja, kila moja upande wake.

"Kwa nini?" nilimuuliza mwanzoni.

"Yakibaki yamekaa pamoja, yatatuita turudi."

Mara moja tulikuwa tukienda Butere siku ya soko. Tulikuwa na mwavuli wa mama mmoja mfanyabiashara kutoka Mumias, Zainabu, na tulikuwa tumemwahidi. Kabla hatujafika mbali, vipepeo wakavuka barabara mbele yetu. Hawakuwa kumi wala ishirini. Walikuwa wengi kama majani yanayopukutika, weupe na wa rangi ya chungwa, wakielekea msituni. Joash alisimama. Hata mwavuli wa njia hakuuchukua. Aligeuza baiskeli.

Tuliwafuata mpaka tukawapoteza, kisha tukaendelea kana kwamba bado tunawaona. Baiskeli tuliiacha kwa mtu mmoja karibu na msitu, tukapanda kilima cha Lirhanda kwa miguu. Juu kule ukungu ulikuwa umejaza msitu wote chini yetu, vilele vya miti vikitokeza hapa na pale, na mbega walikuwa wakiitana tusiwaone. Tulikula ndizi mbili. Joash alisema ikiwa mtu angetembea juu ya ukungu ule polepole, bila kufikiri, angefika ng'ambo. Nikamwambia atangulie. Sikumbuki tulikaa muda gani. Nakumbuka mkono wake ulikuwa na harufu ya mpira na kutu.

Tulifika Butere siku mbili baadaye. Zainabu alikuwa kwenye kibanda chake, amekunja mikono.

"Asalaam aleikum, Mama Zainabu," Joash akasema kwa adabu nyingi kupita kiasi.

"Waaleikum salaam. Mimi nimenyeshewa siku mbili, fundi, na mwavuli wangu unatalii."

"Umeona mengi, mama. Muulize."

"Nitakuuliza wewe siku nitakapokulipa." Lakini alikuwa anacheka, na alitupa chai.

Sasa nitaeleza kilichonisumbua, maana si kila siku ilikuwa ya vipepeo.

Katika mwaka wa tisini na tano tulipita Malava tukakuta msiba. Jeneza lilikuwa limewekwa juu ya viti viwili nje ya lango, mvua ikinyesha. Niliuliza kwa nini haliingizwi. Mwanamke mmoja akanijibu kwa sauti ya chini, "Huyu hakujenga, na asiye na nyumba haingizwi bomani. Ndugu zake wanamsimamishia nyumba kwanza." Ndani ya boma wanaume walikuwa wanachimbia nguzo mbiombio, wametapakaa matope. Mjane alikuwa amesimama kando ya jeneza. Hakuna aliyemwonyesha pa kukaa, kwa sababu hakuwa na mlango wake katika boma lile. Joash alifungua mwavuli wa mteja, akaenda akamkinga.

Tulipoondoka sikuweza kunyamaza.

"Sisi je, Joash?"

"Sisi tumefanya nini?"

"Hujajenga kwenu. Ukifa utakaa langoni. Na mimi nitasimama hivyo hivyo."

"Unataka nyumba ama hutaki nife?"

"Nataka yote mawili."

Alicheka, kisha akasukuma baiskeli kwa muda mrefu bila kupiga mluzi. Hatukuwa na mtoto. Mke asiye na mtoto wala nyumba, mumewe akizikwa, huambiwa kwa upole arudi kwao. Wazazi wangu walikuwa wamekwisha kufa. Kwetu ni Joash, basi.

Mwaka uliofuata alikubali twende Lugari, ambako marehemu baba yake alipata shamba baada ya wazungu kuondoka. Kaka yake mkubwa, Onesmus, alitupokea vizuri. Alituonyesha kipande cha Joash, kilichopandwa katani kwenye pembe zake nne. Joash akatandaza turubai katikati yake, mimi nikatafuta mawe matatu kijitoni. Dorothy, mke wa Onesmus, alituletea kuku, nikasonga obusuma, ugali wetu, tukala sote nje tukitazama mahindi machanga yakitikisika mpaka mwisho wa macho.

"Sasa mmehamia," Onesmus akasema.

"Tunakuanga hivi kila mahali," Joash akajibu. "Usifurahi mapema."

Siku ya pili alipima kwa hatua: chumba hapa, dirisha hapa. Niliogopa hata kupumua. Siku ya tatu asubuhi niliamka nikamkuta amerudi kutoka kwa kaka yake, ameukamata ule mwavuli wa mbavu tupu. Aliusimamisha, akauachilia. Uliangukia upande wa barabara. Akaanza kukunja turubai.

Nilifunga mizigo nikiwa nimempa mgongo asinione uso. Tulipofika kwenye katani niligeuka. Mafiga matatu yalikuwa bado yamekaa pamoja, majivu katikati. Alikuwa amesahau. Katika miaka ile yote hakuwahi kusahau. Nilitaka kumwambia, nikajizuia. Hiyo ndiyo siri pekee niliyomficha mume wangu, na niliibeba kama mtu aliyeficha mbegu kinywani.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba zikaja mvua za El Nino. Hazikungoja alasiri. Watu walituletea miavuli mpaka tukashindwa, na Joash alishinda amelowa. Kikohozi kilianza kama mzaha. Januari nilimlazimisha tukapanga chumba Shirere, mjini, karibu na hospitali. Alilala akitazama mabati.

"Hili paa halipumui," alisema.

"Ukipona tutatoka."

"Mideva. Ukitoka, toka na turubai."

Alifariki mwezi wa Februari, mchana, jua likiwa kali, wodini watu wakiwa wanakula.

Tulimpeleka Lugari kwa pikapu. Mimi nilikaa nyuma, na jeneza, na baiskeli, na turubai limekunjwa magotini mwangu. Tulipofika tulisimama langoni, kama nilivyojua tutasimama. Onesmus alikuja akanishika mkono. Nyuma yake alikuwapo Lusweti, jirani mzee aliyesimamia mazishi ya kijiji kile, na vijana wenye nguzo mabegani.

"Tutasimamisha kitu kidogo," Lusweti akasema. "Kesho azikwe. Baada ya hapo huyu mama tutampa nauli, aende kwa watu wake."

"Nyumba ya siku moja ni ya kumdanganya nani?" Aliyeuliza ni Shangazi Dinah, dada wa baba yake Joash, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mboga kana kwamba hakuna msiba.

"Ndiyo desturi, Dinah."

"Desturi naijua kabla yako."

Akilini nilikuwa namtazama yule mjane wa Malava. Nilikuwa nimesimama mahali pake hasa.

Onesmus alikohoa. "Kabla hamjachimba, njooni muone," akasema. "Shemeji, njoo na wewe."

Tulimfuata. Shamba lilikuwa limelimwa upya, udongo mwekundu, mistari imenyooka kutoka katani hadi katani. Lakini katikati mistari ilipinda, ikazunguka kama maji yanavyozunguka jiwe mtoni. Hapo palikuwa na duara la nyasi ndefu. Onesmus akazitenga kwa mkono. Mafiga matatu, meusi, yalikuwa yamekaa pamoja.

"Nimelima misimu miwili nikiyazunguka," akasema. "Hata ng'ombe wa plau wanayajua. Wakifika hapa wanapinda wenyewe."

Nilisikia sauti yangu ikiuliza, "Ni nani aliyekuambia uyaache?"

"Ni yeye. Asubuhi mliyoondoka aliniamsha, wewe ukiwa umelala. Akaniambia, usiyaguse mafiga ya Mideva. Nyumba imekwisha kuanza, mlango tutaleta."

Niliketi kwenye mtaro wa plau. Miaka miwili nilidhani nilikuwa namficha.

Shangazi Dinah aliinama, akalishika figa moja, akatazama masizi kidoleni mwake. "Moto uliwashwa hapa?"

"Uliwashwa, shangazi."

"Mlipika? Mlilala?"

"Siku mbili."

"Kwa hiyo nyumba ipo. Leteni hilo turubai."

"Turubai si nyumba," Lusweti akasema.

"Wewe Lusweti, ulipooa nyumba yako ilikuwa na paa? Tulikuwa tunahesabu nyota tukiwa tumeketi ndani."

"Mlikuja kunywa chai yangu, hamkuja kuhesabu nyota."

"Tulifanya yote mawili."

Watu wakacheka, hata vijana wa nguzo, na Lusweti mwenyewe akatazama chini akitabasamu. Kisha akavua kofia. "Nguzo nne basi," akasema. "Za kulishika hilo turubai lisiruke."

Walilisimamisha juu ya mafiga. Dinah alinipa kiberiti, akaniambia niwashe mimi mwenyewe, nikawasha. Kisha wakamwingiza Joash. Jua lilipita kwenye viraka, jeneza likawa na madoa mekundu na ya maua, na kwa muda nilihisi tumelala tu mahali fulani, kando ya msitu, na kwamba baada ya chai atayatupa mawe.

Alizikwa hatua kumi kutoka hapo. Hakuna aliyenitajia nauli tena.

Mvua za Aprili zilipokaribia, Onesmus alikuja na mafundi wawili, wakapima na kusimamisha nyumba ndogo ya chumba kimoja kuyazunguka yale mafiga. Kuta zilikuwa za fito, bado hazijakandikwa.

"Shemeji, mlango uelekee wapi?" akaniuliza.

Nilikwenda nikautoa ule mwavuli kwenye baiskeli. Niliusimamisha katikati ya chumba, kati ya mawe matatu, nikauzuia kwa kidole kimoja. Mafundi wakaacha kazi wakinitazama. Nikauachilia.

Uliangukia upande wa barabara. Hapo ndipo walipokata mlango.