Kiti cha Jirani

…nyeusi tii, ndiyo, kutoka hapa alipoketi skrini ni nyeusi kama chungu kilichosahauliwa motoni, hata mwenye macho ya mwewe angeambulia sura yake mwenyewe tu, kwa hiyo jibu analo, neno lenyewe moja, "sioni", na maabara nzima inalingoja, maana Lenzi, fundi wa vipimo, amekwisha kuuliza kama desturi inavyotaka, "Jirani, unaona nini?", na hapa utando wa faragha, ule wa kubandikwa juu ya skrini ili wengine wasichungulie, hautoki mlangoni mpaka mtu akalie kiti cha jirani, hiki kiti cha chuma kilichofungwa kwa bolti ubavuni mwa skrini, achungulie bila haya, kisha atamke mbele ya mteja kwamba haoni kitu, na leo zamu imemwangukia yeye aliyeubuni, mama mzazi na mkunga yeye mwenyewe, haya basi, mama, mtaje mwanao… "Jirani kapitiwa na usingizi," anasema Lenzi, watu wanacheka, mteja naye anacheka, yule mwenye viatu vinavyolia kwi kwi kila akigeuka, na meneja anamvika kilemba cha ukoka, "Huyu binti ndiye kichwa chetu, ana aibu tu kidogo," aibu! yeye, ambaye kule chuoni wapinzani wa mdahalo walikuwa wakimwona anapanda jukwaani wanaanza kutafuta maji ya kunywa, leo kinywa kimemkauka yeye, kwa nini, kwa sababu vidole vyake vinapapasa boksi la utando lililo mapajani na maandishi yake ya kung'aa, FARAGHA PANDE ZOTE, pande zote zipi, bwana, mtoto wa chekechea anajua kuna kushoto na kulia, kuna juu na chini, na yeye alibuni tabaka mbili, la kwanza lina vipande vyeusi vyembamba kuliko unywele, vimesimama wima kama mbao za dirisha, vinamziba wa kushoto na wa kulia, na la pili vipande vyake vimelala, vinamziba anayechungulia kutoka juu, lakini asubuhi alipoushika utando kwenye meza ya kukatia aliuona mwepesi, mwepesi mno, akamkimbilia meneja koridoni, "Bosi, tabaka la pili limesahaulika!" "Halijasahaulika, binti, lilikuwa linatia giza." "Giza gani, si tulilipima wote?" "Mteja hakulitaka, basi, wasimamizi wake wanakaa juu ya jukwaa nyuma ya wafanyakazi, wanataka kuona kazi inavyokwenda… na mkataba wako wa ajira si bado unajadiliwa? Funika kombe mwanaharamu apite," … na mwanaharamu ni nani hapo, eti ni dada? Dada yake mkubwa, aliyemsuka nywele kila Jumapili huku akimsikiliza akikariri hoja zake za mdahalo, ndiye anayepokea simu kwenye ukumbi wa huyu huyu mwenye viatu, ndiye aliyefungua ujumbe wa zahanati kwenye skrini yake pale mezani, na kabla hajafika mwisho msimamizi akausoma kwa sauti juu ya kichogo chake, "Aa, pole mama, kumbe ndiyo maana huishi kwenda chooni," ukumbi mzima ukageuka, na dada alisimulia huku anakunja nguo za watoto, anacheka, kicheko cha mtu aliyemeza mwiba, "Si kitu, mdogo wangu, utando wako unakuja, nitasoma mambo yangu kwa raha," na yeye, mdogo mtu mwenye domo, akajigamba, "Utakapokuja, dada, hata shetani hachungulii," … hachungulii! msimamizi atapanda jukwaani kwake, aangalie chini, aone kila herufi, na dada hatajificha tena kwa sababu ameahidiwa, hapo ndipo penye sumu, asiye na pazia huvaa kwa hadhari, aliyepewa pazia la uongo huvua nguo akiwa ametulia, afadhali skrini tupu mara mia, angalau skrini tupu haimdanganyi mtu… "Jirani wee!" Lenzi tena, "tukuletee miwani?" na meneja anakohoa, kikohozi kile anakijua, ni cha kumkumbusha mkataba, na ubaya wa mtego huu ni kwamba akisema "sioni" hatakuwa amesema uongo, kutoka kiti hiki haoni kitu kweli, kiti kimefungwa bolti, bolti zimekazwa mahali ambapo ukweli unatosha kuuza uongo, na miaka yote majirani wamekaa hapa wakasema sioni, sioni, wakapigiwa makofi, hakuna aliyeuliza nani kaamua jirani akae hapa, tena akae tu, jirani gani wa dunia hii anayechungulia akiwa ameketi kwa adabu, wachunguliaji wanasimama, wanapanda, wanainama juu ya shingo za watu, kwa hiyo hoja yenyewe nyepesi, haihitaji hotuba wala machozi, inahitaji magoti ya kunyanyukia na hatua moja hadi mbele ya skrini, achungulie kutoka juu, na mkataba wajadili mpaka wachoke, yeye kwa dada ameshatoa neno… skrini bado nyeusi, viatu vinalia kwi, meneja bado anatabasamu, na Lenzi, kwa mara ya mwisho, "Jirani, unaona nini?" … ngoja, anamjibu moyoni, na nyayo zake zimekwisha kuikanyaga sakafu sawasawa, ngoja kwanza nisimame.