Kidude Kilichokataliwa Getini

Tangu Jumatatu Bibi alimwona mke wa mwanawe akihama na kidude cheupe cha mtandao kama paka anayehamisha watoto. Mara kwenye soketi ya ukumbini, mara ya koridoni, mara ile ya karibu na jiko. Bibi alimtazama tu huku akikunja nguo. Aliona kwamba kila alipokihamisha, mkwe wake aliusogeza waya ukutani na kuubandika kwa utepe wa gundi, ili mama mkwe mwenye goti bovu asijikwae. Mtu ana shida yake kichwani na bado anakumbuka goti la mwenzake. Huyo si wa kuachwa ahangaike peke yake, Bibi alijiambia.

"Kinasemaje leo?" akamuuliza siku ya Ijumaa asubuhi.

"Kinawaka kijani, mama. Kompyuta inasema imeunganishwa. Nikifungua kitu sasa, hola. Hakifunguki."

"Na ule mtandao wenyewe mzima?"

"Mzima. Ukumbini unakwenda kama maji."

Mkwe alikuwa mkalimani wa lugha ya alama. Saa tisa alasiri siku hiyo hiyo hospitali moja ingemjaribu kwa video: daktari na mgonjwa asiyesikia wakiwa kule, yeye akiwa huku nyumbani, akifasiri kwa mikono mbele ya kamera. Picha ikiganda, maneno yamekatika, na kazi ingekwenda kwa mwingine aliyekuwa akingoja nafasi hiyo hiyo. Ukumbi haukuwa na mlango, na mambo ya mgonjwa si ya kutazamwa na kila apitaye. Chumba cha nyuma kilikuwa na mlango, mwanga mzuri na ukuta mtupu. Ila kuta zake nene zilimeza mtandao wote, hata simu ilishika kwa kubahatisha. Ndiyo maana alikuwa amenunua kidude hicho, kipokee mtandao wa rauta ya ukumbini na kuusukuma mpaka huko nyuma.

Rauta yenyewe ilikuwa chini ya ulinzi wa Babu, mume wa Bibi. Babu alikuwa askari wa geti la ghala kwa miaka thelathini na moja, na mpaka leo majirani walimwita Geti. Mwezi uliopita, mtandao ulipoanza kujikokota, fundi aliitwa akakuta simu kumi na nne za watu wasiojulikana zimo ndani. Akamfundisha Babu kufunga: kifaa kigeni kikija, ujumbe wenye namba yake unatokea kwenye simu yako, nawe unabonyeza Ruhusu au Kataa. Babu akanunua daftari la kuandikia namba hizo, akapiga mistari kwa rula, na tangu siku hiyo akawa kama mtu aliyerudishwa kazini.

Mchana walipokuwa mezani alifuta mdomo na kutangaza, "Nimemkamata tena."

"Nani tena?" Bibi akauliza.

"Mwizi wa mtandao. Yule yule wa Jumatatu. Ana moyo huyo! Unamfukuza, anarudi. Leo saa nne na dakika kumi kabisa, mchana kweupe."

"Pole kwa kazi, baba," mkwe akasema, akamwongezea maji kwenye glasi. Kisha akaomba radhi, akaenda kupiga pasi blauzi yake.

Bibi alibaki ameshika kijiko. Saa nne asubuhi alikuwa amepita koridoni, na mkwe wake alikuwa amepiga magoti pale akichomeka kidude. Alifungua mdomo amwambie mumewe, akaufunga. Kumwambia kwa sauti, na mkwe yuko chumba cha pili, kungekuwa kumvua nguo mzee wa watu.

Alinyanyuka, akakichomoa kidude, akakigeuza. Mgongoni kilikuwa na kibandiko chenye namba na herufi ndogo kama mayai ya sisimizi. Akavaa miwani, akazinakili moja moja kwenye karatasi. Kisha akamfuata mumewe barazani.

"Baba watoto, hebu nisomee namba ya mwizi wako."

"Ya nini? Unataka kwenda kumshtaki?"

"We soma tu."

Babu akafungua daftari na kuanza kusoma. Bibi akafuatisha kwa kidole kwenye karatasi yake, bila haraka, mpaka herufi ya mwisho.

"Ndiyo hiyo hiyo," akasema.

"Hiyo karatasi umeitoa wapi?"

"Mgongoni mwa kidude cha mkweo."

Babu alitazama daftari. Alihesabu mistari kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Nimemfukuza mara sita," akasema. "Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambia nini? Hajui kama kidude chake kinapiga hodi kwako. Wewe kila siku mwizi, mwizi, naye anakupa pole!"

"Umeshamwambia?"

"Mimi sijasema neno. Nenda mwenyewe."

Babu alikwenda. Akakohoa mlangoni, kama ilivyompasa baba mkwe.

"Mwanangu, yule mwizi ni wewe. Yaani, si wewe, ni kidude chako. Mimi ndiye niliyekuwa nakikataa. Nisamehe."

Mkwe alikaa kitandani na blauzi yake mapajani. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi.

"Baba! Na mimi jana nimewaandikia waliokitengeneza, nimewagombeza kweli kweli!"

Kidude kikachomekwa tena. Babu akabonyeza Ruhusu kwa kidole kilichonyooka. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika nane. Mkwe akafungua kompyuta yake chumba cha nyuma, wakangoja.

Hola.

Hapo hapo simu ya Babu ikalia. Kifaa kigeni kingine kilikuwa kinaomba kuingia. Akapekua daftari. Kompyuta ya mkwe ilikuwamo tangu mwezi uliopita, lakini namba hii haikufanana nayo hata kidogo.

"Huyu sasa nani?"

"Nadhani ni kompyuta yangu, baba. Karatasi ya kidude inasema kitu kikipitia kwake kinaweza kuonekana na namba nyingine. Ila siwezi kukuonyesha. Namba hiyo haikuandikwa popote."

Babu alishika simu, kidole kikaning'inia hewani. Maisha yake yote hakuwahi kumfungulia mtu ambaye karatasi zake hazilingani na daftari. Madereva walimlilia, wakubwa walimfokea, hakufungua. Bibi alijua hayo. Saa ya ukutani ilisema tisa kasoro mbili. Mkwe hakumharakisha. Alikuwa amekaa wima mbele ya ukuta mtupu, mikono yake tayari.

Babu aliacha kuitazama simu, akamtazama yeye.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

Akabonyeza.

Skrini ikazunguka kidogo, kisha uso wa daktari ukatokea, wazi kabisa, na kando yake mama mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani. Bibi akamvuta mumewe shati, wakatoka. Babu akafunga mlango kwa mikono miwili usilie.

Kwa dakika arobaini haikusikika ila sauti ya mkwe mara moja moja, ya chini, bila maneno kushikika. Babu alikaa koridoni kwenye kigoda, akiigusa simu kila ilipotaka kuzima. Bibi alimletea maji. Akanywa bila kuondoa macho.

Mlango ulipofunguliwa, blauzi ya mkwe ilikuwa imelowa mgongoni.

"Yule mama ameuliza maswali saba," akasema. "Yote yamejibiwa. Mwishoni amenishika mkono, yaani, ameushika pale kwenye skrini."

"Na wao?" Bibi akauliza.

"Nianze Jumatatu, saa mbili."

Bibi alimkumbatia, akamshikilia hivyo hivyo na jasho lake. Babu alisimama taratibu, akanyoosha mgongo.

"Na yule mgeni wako wa mwisho," akasema, "nilikuwa namwangalia muda wote. Ametulia tu humo ndani. Hakumsumbua mtu."