Mkuu wa Kaya ya Chini

Fundi alikuwa na mabinti wawili, na mabinti hao walikuwa na milango miwili inayotazamana, ghorofa ya tatu. Kati ya milango hiyo palikuwa na benchi la mbao, na juu ya benchi, kila Jumapili jioni, palikuwa na mfuko wa nguo wa Fundi. Wiki hii uliingia mlango wa kushoto kwa Mkubwa, wiki ijayo mlango wa kulia kwa Mdogo. Utaratibu huo waliupanga mabinti wenyewe baada ya mama yao kufariki. Waliupanga kwa mapenzi, wakiwa wamekaa kwenye benchi hilo hilo, na Fundi katikati yao. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza.

Hakulalamika. Kwa Mkubwa alipewa chumba chenye dirisha kubwa, ingawa ng'ambo ya ukuta mkwewe, dereva wa lori, alikoroma kama jenereta. Kwa Mdogo, ambaye alifundisha chekechea na aliishi peke yake, aliambiwa anawe mikono kabla ya kula na kusifiwa akinawa vizuri. Kote alishiba. Kote alipendwa. Mambo yalikuwa mazuri tu, mpaka ikatangazwa sensa.

Karani wa sensa alikuja mapema kuandika milango. Alikuwa binti mwembamba aliyemezwa na kizibao cha rangi ya chungwa, kishikwambi kifuani kama mtoto mchanga, chaki nyuma ya sikio. Aligonga kwa Mkubwa, na Mdogo naye akafungua wake, maana kwenye ngazi zile hapakuwa na hodi ya mtu mmoja.

"Mkuu wa kaya ni nani?" akauliza karani.

"Mume wangu," akasema Mkubwa. "Kalala. Karudi safari alfajiri."

"Kwangu ni mimi," akasema Mdogo na kunyoosha shingo.

"Na huyu mzee?"

Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi, viatu vimeng'aa. Akafungua mdomo.

"Huyo baba yetu," akasema Mkubwa. "Mwandike mtegemezi."

"Mtegemezi kwangu," akadakia Mdogo.

"Kwako tangu lini?"

Fundi akafunga mdomo.

Mtegemezi! Yeye aliyeshona sare za nusu ya mtaa, na suti za waliooa na waliooza. Sensa iliyopita yeye ndiye aliyesimama mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola inakata. Mke wake alikuwa nyuma ya pazia akimsahihisha umri. Walipouliza mkuu wa kaya ni nani, alijibu "Mimi," na mke wake akacheka kule nyuma kwa sauti ya mtu anayejua mengine. Aliikumbuka "mimi" ile kama watu wengine wanavyokumbuka wimbo. Hakutaka kumnyang'anya mtu nyumba yake. Alitaka kitu kimoja tu: aulizwe swali lile yeye mwenyewe, na ajibu kwa mdomo wake.

Karani alipoanza kushuka, Fundi akamfuata.

"Binti, hicho kizibao mshono umefumuka begani."

"Tumegawiwa hivi hivi, babu."

"Aliyekishona alikuwa na haraka ya kwenda kwao. Hebu niambie, kaya ni kitu gani hasa?"

Karani akasimama wima, kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa. "Kaya ni watu wanaoishi pamoja, wanakula pamoja, na wanamtambua mmoja wao kuwa mkuu. Na kila mtu anahesabiwa pale alipolala usiku wa sensa."

"Lazima wawe wangapi?"

"Wowote, babu. Hata mmoja. Kama anaishi peke yake na anajipikia, hiyo ni kaya."

"Na mkuu wake anakuwa nani?"

Karani akacheka. "Si ni yeye mwenyewe!"

Fundi alirudi juu polepole, si kwa sababu ya magoti.

Chini kabisa ya jengo lile, mlango unaoangalia barabara, kulikuwa na chumba chake cha kazi. Hakuwa amekifunga rasmi. Kilijifunga chenyewe, kidogo kidogo. Kwanza mkwe aliomba kuweka tairi moja, halafu Mdogo akaleta viti vya watoto vilivyovunjika, halafu tairi likapata wenzake. Cherehani lilikuwa bado pale, limefunikwa shuka. Siku zilizofuata, Fundi akawa anaaga kwamba anakwenda kupunga hewa. Akapunga hewa kwa ufagio na ndoo. Tairi akazipanga nje kwa heshima. Meza ya kukatia nguo akaifuta vumbi, akaipima kwa mgongo wake mwenyewe, akaona inamtosha kulala, miguu haitokezi. Akanunua mayai, mchele, na jiko dogo la mafuta ya taa. Sufuria alichukua kwa Mkubwa bila kusema, kifuniko kwa Mdogo.

Kupika hakuwa amewahi. Alijua pindo la suruali, hakujua mchele unawekewa maji kiasi gani. Lakini alipiga moyo konde: watu wengi anaowaona wajinga wanapika.

Juu huko, vita vilikuwa vimeiva. Usiku wa sensa ulikuwa umeangukia Jumapili, siku ya kuhama.

"Jumapili mimi ndiyo nampokea," alisema Mdogo, mkono kiunoni.

"Unampokea jioni. Mchana kutwa ni wa kwangu."

"Wanahesabu usiku, dada, hawahesabu mchana!"

"Usinifokee kama watoto wako wa chekechea. Mimi nimekubeba mgongoni."

"Na hujanitua mpaka leo!"

Mkwe dereva alitoa kichwa mlangoni, akaona hali, akakirudisha.

"Sikia," akasema Mkubwa, sauti imekwaruza. "Mchukue. Mchukue na benchi lake. Sitaki kukuona mpaka sensa ipite."

"Wala simtaki kwa masimango. Baki naye wewe, uhesabiwe mtoto mwema!"

Milango miwili ikabamizwa kwa pamoja. Fundi alibaki kwenye benchi na mfuko wake. Alisubiri kidogo, kwa adabu tu. Kushoto kimya, kulia kimya. Kila binti alikuwa amemwachia mwenzake, na kila mmoja, kwa jinsi anavyoijua jeuri ya ndugu yake, alikuwa na hakika kwamba yule mwingine amemchukua. Fundi akanyanyua mfuko, akashuka ngazi akipiga mluzi.

Asubuhi karani akagonga kwa Mkubwa. Hodi ile ile, milango miwili.

"Baba alilala wapi usiku wa kuamkia leo?"

"Muulize huyo," akasema Mkubwa bila kugeuza uso. "Si ndiye aliyemtaka."

"Mimi?" Mdogo akatoa macho. "Si amelala kwako?"

"Kwangu? Nilimwacha kwenye benchi ili umchukue!"

"Na mimi nilimwacha kwenye benchi ili umrudishe!"

Wote watatu wakaliangalia benchi. Benchi halikuwa na neno.

"Mungu wangu," akasema Mkubwa, "tumempoteza baba siku ya kuhesabiwa."

Wakashikana mikono bila kukumbuka kwamba hawasemeshani, wakateremka ngazi, Mkubwa na ndala mguu mmoja, Mdogo na mswaki mkononi, karani nyuma yao amekikumbatia kishikwambi. Nusu ya njia wakakutana na harufu ya kitu kinachoungua. Waliifuata harufu hiyo mpaka barabarani, mpaka kwenye mlango uliokuwa wazi.

Fundi alikuwa ameketi mbele ya cherehani, shati jeupe, kola inakata.

"Baba!"

"Hodi kwanza," akasema Fundi.

"Baba, roho zimetutoka, halafu wewe..."

"Hapa kwangu watu wanapiga hodi."

Mabinti wakatazamana. Wakarudi nyuma hatua moja, wakasema hodi kama watoto, na Fundi akawakaribisha kwa sauti pana, kama aliyeshtukizwa na ugeni.

"Babu," akasema karani, "hapa mimi niliandika duka. Sikuandika kaya."

"Jana lilikuwa duka."

Karani akampigia simu msimamizi wake. Wakasikia sauti ya mtu mwenye kikohozi ikiuliza, "Kaya imeongezeka? Imeongezekaje usiku mmoja?" Karani akageukia ukuta, akajibu kwa kunong'ona. Kisha sauti ikasema, "Amelala hapo? Anajipikia? Basi mhesabu, binti, tuna majengo mengine."

"Anajipikia wapi!" akasema Mkubwa. "Huyu hajawahi kuchemsha hata maji. Nimezaliwa namwona anasubiri sahani."

Fundi akaelekeza kidole kwenye sufuria. "Onja."

Mkubwa akafunua. Chini wali ulikuwa mweusi, katikati ulikuwa uji, juu mchele ulikuwa bado mchele. Yai limekaa pembeni na ganda lake kidogo. Akaonja kwa ncha ya kijiko, machozi yakamlengalenga.

"Ni chumvi," akamwambia mdogo wake. "Onja na wewe, usiniache peke yangu."

Mdogo akaonja, akakohoa, na kicheko kikamtoka na punje za wali. Mkubwa naye akashindwa. Wakaegemeana pale kwenye meza ya kukatia nguo, wakicheka mpaka hawana nguvu, na vita vya juu vikaishia hapo bila mtu kuomba radhi.

"Basi nimeonja," akasema Mkubwa akijifuta. "Karani, ni kweli anajipikia. Mtu mwingine asingeweza kupika hivi."

Karani akavuta kimojawapo cha viti vya chekechea, akakaa, magoti yakamfika kidevuni. Akafungua kishikwambi.

"Mkuu wa kaya ni nani?"

Mdogo alitaka kusema kitu. Mkubwa akamfinya.

Fundi alirekebisha kola. Hakuwa na haraka. "Mimi," akasema.

Nyuma ya pazia la dirisha hapakuwa na mtu wa kucheka. Lakini alipotaja umri, mabinti wote wawili wakasema kwa pamoja, "Umepunguza!" Fundi akainama akatabasamu, akakubali kusahihishwa.

"Kazi?"

"Hafanyi ka..." Mkubwa akajizuia mwenyewe.

"Fundi cherehani," akasema Fundi. "Vua hicho kizibao."

Akakishona wakati akijibu yaliyobaki: maji wapi, taa ya nini, choo cha nani. Karani alipotaka kuandika namba mlangoni, chaki yake ilikuwa imekwisha. Fundi akampa ya kwake, ile bapa ya buluu ya kuchorea nguo, na namba ya kaya ikakaa pale juu ya kitasa, nadhifu, kama alama ya mahali pa kukata.

Hakuhama kabisa. Chakula cha jioni anakula juu, kushoto au kulia, na magoti yakimuuma analala huko huko. Tofauti ni kwamba sasa anapiga hodi, anakaribishwa, na mfuko wake unakaa chini, umefunguliwa wote. Tairi zimehamia kwa mwenyewe.

Matokeo yalipotangazwa redioni, mtangazaji alimleta mtaalamu. Mtaalamu akasema kwa huzuni kwamba katika wilaya yetu kaya za mtu mmoja zimeongezeka, na kwamba watu wengi siku hizi wanaishi wapweke.

Pale chini Mkubwa alikuwa anamenya viazi, Mdogo anamfundisha baba yake kupima maji ya wali kwa kidole, mkwe dereva amelala kwenye meza ya kukatia, anakoroma. Karani alikuwa amesimama mbele ya kioo, anajaribu gauni.

"Nyamazeni!" akasema Fundi, akaongeza sauti ya redio. "Wananitangaza."